Kumi na Tatu kwa Mchanga Laini

Kwa miaka kumi na minne niliendesha gari la kampuni ya kuchimba visima, na katika miaka hiyo nilijaza daftari moja. Ni daftari la jalada gumu, nililolichorea safu tano kwa rula: mahali, mzigo, aina ya tairi, upepo wa mbele, upepo wa nyuma. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliishia darasa la saba, na udereva wenyewe niliupata kwa kuosha magari ya wenzangu. Mara ya kwanza nilipokwama kwenye korongo la mchanga nilichimba kutwa nzima kwa sufuria ya wapishi wa kambi, na niliporudi nyumbani nikaandika: "Upepo thelathini na tano, mabomba kumi, limezama." Juma lililofuata nikapita palepale na thelathini. Likazama. Nikaandika. Nikashuka ishirini na tano, nikashuka ishirini, kila mara naandika, mpaka siku gari lilipopita juu ya mchanga ule kama linapita kwenye mkeka.

Watu wengi hudhani ukipunguza upepo tairi linapanuka. Linapanuka kidogo tu. Linachofanya hasa ni kurefuka: unyayo wake unakuwa mrefu, gari linaukanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Lakini punguza kupita kiasi, kisha ukate kona au utembee kwenye mteremko wa ubavuni, tairi linachomoka kwenye ringi kama ganda la ndizi. Kati ya kuzama na kuchomoka kuna nafasi ndogo. Kuitafuta nafasi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, ingawa niliajiriwa kama dereva tu.

Nilipima upepo kwa geji moja, ya shaba, yenye mshale, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake la vipuri. Nilipima asubuhi, gari likiwa halijasogea, kwa sababu tairi likishapata moto upepo wa ndani huvimba na kipimo hupanda. Wenzangu walinicheka, wakaniita Daktari wa Upepo.

"Daktari, mgonjwa wangu huyu presha yake vipi?" mmoja aliwahi kuniuliza huku akilipiga tairi teke.

"Anaumwa dereva," nikamjibu.

Basi tuliishi hivyo.

Halafu tukaletewa Injinia mpya, mama mmoja wa maneno machache, asiyepandisha sauti hata fundi akimharibia pampu. Alikuta magari sita na rundo la matairi yaliyochanika ubavuni. Muuzaji alikuwa keshamshawishi anunue mapana, yenye meno makubwa kama ya trekta. Nikaomba nafasi ya kusema. Nikamwambia tope letu ni la miezi miwili kwa mwaka. Miezi kumi ni mawe na mchanga. Meno makubwa huchimba mchanga, na yale ya muuzaji yalikuwa na kuta laini ambazo mawe yangezikata kama wembe. Tununue membamba kidogo, marefu, meno yaliyokaribiana, kuta nene. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanunua nilivyosema, na mwaka ule hatukupasua ubavu hata mmoja.

"Mzee," akaniambia, "hilo daftari lako. Nitolee jedwali, kila dereva alifuate."

Nilinakili kwa siku mbili. Likapigwa chapa, akalitia saini, na chini yake wakaandika kwamba mimi ndiye niliyeliandaa. Likabandikwa ukutani karakana, karibu na bomba la maji. Kila gari likapewa geji mpya ndani ya kiboksi cha plastiki. Mimi nikabaki na yangu. Mstari wa nne wa jedwali ulisema: mchanga laini, mzigo kamili, magurudumu yote, kumi na tatu.

Mmoja wa madereva waliotakiwa kulifuata alikuwa mdogo wangu. Ni wa tumbo moja na mimi, nimemtangulia miaka kumi na sita. Baba alipotutoka, mdogo wangu alikuwa bado ananing'inia mgongoni kwa mama, kwa hiyo mengi ambayo mtoto huyapata kwa baba yake aliyapata kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika usukani, na mimi ndiye niliyemdhamini kazini. Udereva aliupenda kuliko nilivyoupenda mimi. Aliweza kukaa kimya akiliendesha gari, akisikiliza kila kitu kilichokuwa chini yake.

Wiki ya tatu baada ya jedwali kubandikwa alinifuata karakana, wenzake wakiwepo.

"Kaka, ile kumi na tatu ya mchanga."

"Imefanya nini?"

"Naiona ndogo. Tairi linalala mno. Nikikata kona nalisikia linaniaga."

"Linakuaga?"

"Kama mgeni aliyekwisha shika mlango."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaona vibaya kwamba nimecheka. Nikamwambia, "Wewe hiyo kumi na tatu umeikuta ukutani. Mimi nimeichimbua kwenye mchanga kwa mikono hii. Ifuate, au nitamwambia Injinia akutafutie kazi ya kuchota maji."

"Sawa, Kaka," akasema.

Wale wengine wakanyamaza. Niliuchukua ukimya wao kuwa ni wa kukubaliana.

Ajali ilitokea saa nne asubuhi, mwezi mmoja baadaye. Mdogo wangu alikuwa amebeba mabomba, na juu ya mabomba amekaa mchimbaji mmoja, jitu la miraba minne tuliyemwita Nondo. Kwenye kushuka korongo, kuna mahali njia inapinda huku imelala upande. Tairi la mbele kushoto likachomoka kwenye ringi, ringi ikazama mchangani, gari likalala ubavu. Mabomba yakamwangukia Nondo mguuni.

Nilipofika na gari jingine, Nondo alikuwa amekwisha pelekwa hospitali. Mdogo wangu amekaa juu ya jiwe, ameshika bega. Nilimwuliza kama anaumia, akasema bega tu. Halafu nikafanya ninachofanya siku zote. Nikatoa geji yangu, nikayapima matairi matatu yaliyokuwa bado na upepo. La kwanza, nane. La pili, nane. La tatu, nane na nusu. Nayo yalikuwa yamekwisha poa. Nikajua kwamba asubuhi yaliwekwa hivyohivyo.

"Uliweka ngapi?" nikamwuliza.

"Kumi na tatu, Kaka."

"Nimepata nane."

"Haiwezekani."

Nikamwonyesha mshale. Aliutazama kwa muda mrefu. Geji yake mwenyewe ilikuwa imesagwa chini ya gari pamoja na kiboksi chake.

"Niliweka kumi na tatu," akasema tena, lakini safari hii sauti ilikuwa imeshuka.

Kikao kilifanyika siku ya nne. Alikuwepo Injinia na wakubwa wawili kutoka makao makuu. Kilichokuwa kinaamuliwa kilikuwa kimoja: kama mdogo wangu alifuata jedwali, ajali ni ya kazi, anatibiwa na anarudi kwenye usukani. Kama hakufuata, ni uzembe, na barua ya uzembe kwa dereva ni kama kovu la usoni, maana kila mwajiri humpigia simu mwajiri aliyetangulia.

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Mke wangu husema hata jogoo akiniamsha usiku wa manane nitamtafutia sababu. Usiku tatu zile nilimtafutia mdogo wangu sababu. Labda vali ilivuja. Lakini matatu kwa mpigo, kwa kiasi kilekile? Labda alipima vibaya. Lakini nilimfundisha mwenyewe kupima. Kila njia niliyoifuata ilinirudisha kwenye mshale.

"Dereva alifuata jedwali?" mkubwa mmoja akaniuliza.

"Nilipima matatu. Nane, nane, nane na nusu."

"Ndiyo au hapana, Mzee?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Hapana," nikasema.

Barua yake iliandikwa uzembe, ikaongezwa na uongo. Mimi juma lilelile nikafanywa mkufunzi wa madereva. Nyumbani mke wangu alisema, "Ungeweza kusema hujui."

"Lakini nilijua."

Akazoa vyombo, akaenda navyo uani. Mdogo wangu hakunijia tena, na mimi sikumfuata. Nilisubiri aje aombe radhi.

Miezi miwili ikapita. Siku moja nikapeleka gari kwa Mama Pancha, mwanamke anayeziba matairi kwenye banda la mabati nje ya karakana yetu, ili anifungie tairi jipya. Alipomaliza kujaza akasema, "Thelathini na mbili, baba. Lipo tayari."

Nikapima. "Hapana. Ishirini na saba. Ongeza."

"Thelathini na mbili."

"Ishirini na saba, mama. Njoo uone."

Akaja, akaiinamia geji yangu, akaipangusa kioo kwa kanga yake. "Hii geji yako ina njaa," akasema. "Inakula tano." Akaingia ndani, akatoka na geji mbili, moja ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Zote mbili zikasema thelathini na mbili. Akatoa upepo kidogo, tukapima tena. Zake ishirini na tano, yangu ishirini. Akatoa tena. Zake kumi na nane, yangu kumi na tatu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mimi nitajuaje, baba? Ni yako." Akacheka, halafu akaniona usoni, akaacha kucheka. "Kaa kidogo. Nikuletee maji?"

Nilikaa juu ya tairi bovu. Sikuhitaji kalamu. Kumi na tatu yangu, ya miaka yote ile, ilikuwa kumi na nane. Daftari zima lilikuwa sawa kwa mkono wangu na kosa kwa mkono wa mtu mwingine yeyote. Mtu aliyechukua geji nzima, akaweka kumi na tatu ya kweli kama nilivyomwamuru, angekuwa chini kwa tano. Na mimi nikija nyuma yake na geji yangu, ningesoma nane.

Nilirudi karakana nikawakuta madereva wanne kivulini. Nikawauliza kwa upole, huwa wanaweka ngapi kwenye mchanga.

Wakatazamana. Yule aliyewahi kulipiga tairi teke akasema, "Mzee, usikasirike."

"Sikasiriki."

"Sisi hilo jedwali hatujalifuata hata siku moja. Tulijaribu mara ya kwanza, gari likayumba kama mlevi. Tangu hapo tunaweka tunavyojua."

"Mngapi?"

"Wote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungeanzia wapi? Wewe ni Daktari. Na jedwali lina saini. Tukaona tuheshimu ukuta, tuendeshe gari."

"Na mdogo wangu?"

Mmoja, aliyekuwa akisafisha kucha kwa njiti, akasema bila kuinua uso, "Yeye tulimwambia aongeze. Alisema kaka yake hakosei. Tukamcheka."

Injinia nilimkuta ofisini. Nikamweleza kwa utaratibu, nikaweka geji mbili mezani, yangu na ya gari, nikamwomba twende tukapime gari lolote alitakalo. Hakukataa. Tulipima. Tuliporudi aliketi, akalitazama jedwali lililokuwa chini ya kioo cha meza yake.

"Ripoti ilikwishaondoka, Mzee," akasema. "Makao makuu wamefunga faili."

"Lifunguliwe."

"Likifunguliwa, wataanza na jedwali. Limetiwa saini na mimi, bila kulinganisha geji. Halafu watakuja kwako."

"Waje."

"Utafukuzwa, nami nitafukuzwa, na bado hawatamrudisha. Nawajua." Akalichomoa jedwali chini ya kioo, akachukua kalamu, akaongeza tano kwenye kila mstari, polepole, kwa mwandiko mzuri. "Kuanzia leo tutatumia hizi. Hakuna mwingine atakayeumia."

Nikamwekea barua niliyokuwa nimeiandika, inayosema kwamba dereva alifuata jedwali na kwamba kosa ni langu. Akaiweka kwenye trei.

"Nitaisoma."

"Isome sasa, Injinia."

"Mzee," akasema, akafungua faili jingine. Alikuwa na watoto wawili shuleni, picha yao ipo pale mezani. Sijui kama mimi kwenye kiti kile ningefanya tofauti. Nilimwambia kazi ya ukufunzi siiwezi tena, nikatoka. Barua nyingine kama ile niliipeleka makao makuu mwenyewe, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo ni huo muhuri tu.

Jumapili nikaenda kwa mdogo wangu. Shemeji alifungua mlango, akasema, "Karibu, shemeji," lakini hakupisha. Nikasubiri. Sauti kutoka uani ikasema, "Mwache apite."

Alikuwa akipigilia mguu wa kiti, nyundo ameishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuwa ukipanda kupita kifua. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: Mama Pancha, geji tatu, madereva, Injinia, trei. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliweka nyundo chini.

"Kwa hiyo niliweka kumi na tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Niliweka."

"Uliweka, mdogo wangu."

Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Badala yake alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Mimi nilikwisha kubali, unajua?" akasema. "Wiki mbili za kwanza nilikataa. Halafu nikajiambia, kaka hakosei. Amepima. Basi mkono wangu ndio uliokosea. Nikaanza hata kukumbuka, Kaka. Nikajiona asubuhi ile nimeibonyeza vali, mawazo yako mbali, upepo unatoka tu. Nikakumbuka jambo ambalo halikutokea. Nikamweleza mke wangu. Nikaenda kwa Nondo nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi niliyemvunja, na kwenye kikao nilidanganya."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka, akaingia ndani.

Nilimpa nakala ya barua. Aliisoma mara moja, akanirudishia.

"Nzuri. Nani ataisoma?"

"Nitaipeleka kila mahali utakapoomba kazi."

"Utafika mlangoni kwa mwajiri, useme mimi ndiye niliyemharibia, naomba mumwamini? Watatuona wendawazimu wawili." Akasimama. "Twende kwa Nondo. Kule nilikwenda kwa miguu yangu. Kule utakwenda kwa yako."

Nondo alikuwa anaishi chumba kimoja, nyuma ya kinu cha kusaga. Tulimkuta kitandani, ameegemea ukuta, mguu mmoja unaishia chini kidogo ya goti. Mwili ule mkubwa ulikuwa umelegea, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Leo nimeletewa ukoo mzima!" akasema. "Kaeni. Kiti ni kimoja, mgombanie."

Hakuna aliyekaa. Mdogo wangu akasema, "Nondo, nilikuja hapa nikakwambia ni mimi. Sikiliza huyu."

Nikasema. Nilijitahidi nisijifiche nyuma ya geji. Nilisema niliambiwa na sikusikia, na kwamba kwenye kikao nilisema hapana. Kinu kilikuwa kikisaga, ikabidi nirudie baadhi ya maneno kwa sauti kubwa. Kuungama kwa kupiga kelele si jambo rahisi.

Nondo alinitazama. Kisha akamtazama mdogo wangu. "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unalia bure?"

"Bure," mdogo wangu akasema.

"Na mimi nilikusamehe bure."

"Ndiyo."

Nondo akatingisha kichwa. "Mimi si mtu wa kusamehe, Daktari. Samahani ile ilinigharimu. Nilikaa siku nzima nikiivuta kutoka moyoni kama bomba lililokwama kisimani. Nikampa huyu. Sasa unaniambia nimempa mtu ambaye hakuwa na haja nayo. Wewe nikupe nini?"

"Sijaja kuomba."

"Umekuja kufanya nini?"

Nilitaka kusema nimekuja kulisafisha jina la mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa ameegemea kizingiti cha mlango, anatazama nje, na niliona kwamba kwake neno hilo lilikuwa limekwisha pita. Alichotaka ni mtu mmoja tu ajue, Nondo. Mtu huyo alikuwa amekwisha jua. Akasema, "Mimi natangulia," akatoka. Hakusema anatangulia wapi, na hakuniita Kaka.

Nilishika kofia yangu. Nondo akanyoosha kidole kwenye kiti.

"Yeye alilia," akasema. "Wewe umenieleza vizuri sana. Namba zote zimekaa sawa."

"Sijui kulia mbele za watu, Nondo."

"Basi kaa," akasema. "Muda upo. Mimi siendi popote."

Nikakaa.